Pim, Japidi na Mwandishi: Mlezi Asiye Mama katika Fasihi ya Wanawake wa Nyanza

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiafrika wamezoea kuanza habari za mwandishi mwanamke kwa kumtaja bibi yake. Husemwa kwamba mwandishi alilelewa na bibi mwenye hadithi nyingi, kwamba jioni alikaa karibu na moto akisikiliza, na kwamba hapo ndipo ulipochimbuka ufundi wake. Baada ya sentensi mbili hizo bibi huachwa motoni, na uhakiki huingia katika usimulizi, wahusika na dhamira. Ni mara chache kuulizwa bibi huyo alikuwa nani, alifika katika nyumba ile kutoka wapi, alikula cha nani, na nani alichukua nafasi yake alipoondoka. Makala hii inakusudia kuyauliza maswali hayo kuhusu maandishi ya wanawake wa upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria.

Kisiwa cha Takawiri, kilichoko kati ya Rusinga na Mfangano katika eneo la Homa Bay, kinatoa mfano mwafaka wa swali lenyewe. Wavuvi wa visiwa hivyo huvua dagaa, ambao huko huitwa omena, usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Alfajiri wanawake huwapokea dagaa hao ufukweni, huwaanika juani na kuwauza. Kwa hiyo usiku baba yuko majini na asubuhi mama yuko mchangani. Swali la nani amembeba mtoto si la anasa. Ni swali la uchumi wa kisiwa, na limepata majibu mawili. La zamani lilikuwa mwanamke mzee. La baadaye limekuwa, mara nyingi, msichana mdogo aliyetolewa katika nyumba iliyo maskini zaidi. Kijaluo kina neno kwa kila mmoja wao: yule mzee ni pim, na yule msichana ni japidi.

Kiswahili nacho kina mlezi na yaya, na pwani wako somo na kungwi ambao humfunda mwali. Hata hivyo hakuna neno moja linalomtosha yule mwanamke wa Kiingereza aliyeajiriwa kukaa katika nyumba ya tajiri na kuwafundisha watoto wake. Katika makala hii ataitwa mwalimu wa nyumbani. Wote hawa, pamoja na tofauti zao, wana jambo moja: wanafanya kazi ambayo methali imeiweka juu ya kuzaa, nayo ni kulea, lakini mtoto si wao na nyumba si yao.

Hoja itakayojengwa ni kwamba fasihi ya wanawake wa Nyanza imesimama juu ya walezi wa aina mbili. Pim alisema sana lakini hakuandika. Sauti yake imo vitabuni, jina lake halimo. Japidi ameandikwa, lakini hasemi. Uhakiki unaomtaja bibi msimulizi peke yake, na kumfanya awe pambo la utangulizi, hauwatendei haki walezi hao wala kazi zenyewe.

2. Mwalimu wa nyumbani aliyeshika kalamu

Yafaa kutupia jicho Uingereza kwanza, kwa kuwa huko ndiko mlezi asiye mama alikopata kuandika habari zake mwenyewe. Katika karne ya 18 na ya 19, binti msomi asiye na mali wala mume alikuwa na kazi chache mno za heshima, na mojawapo ilikuwa kufundisha watoto wa matajiri majumbani mwao. Mary Wollstonecraft alifanya kazi hiyo Ireland katika familia ya Kingsborough mwaka 1786 na 1787, kabla ya kutoa kitabu chake mashuhuri cha kutetea haki za wanawake mwaka 1792. Charlotte Brontë aliajiriwa mwaka 1839, na tena mwaka 1841. Mdogo wake Anne alidumu zaidi: alikaa na familia ya Robinson huko Thorp Green tangu 1840 hadi 1845. Mwaka 1844 ndugu hao walijaribu kufungua shule nyumbani kwao Haworth, wasipate hata mwanafunzi mmoja. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1847, zilitoka riwaya mbili ambazo msimulizi wake ni mwalimu wa nyumbani: Jane Eyre ya Charlotte na Agnes Grey ya Anne.

Hali ya mwalimu huyu ilikuwa ya mashaka. Elimu yake ilikaribiana na ya mama mwenye nyumba, lakini ujira wake ulikuwa mdogo. Hakuwa mgeni wa kukaribishwa sebuleni, wala hakuwa mtumishi wa kukaa jikoni na wenzake. Katika riwaya ya Jane Austen iitwayo Emma, msichana Jane Fairfax, ambaye anaelekea kuingia katika kazi hiyo, anadiriki kuitaja sambamba na biashara ya watumwa. Mtu wa hali hii alikuwa na vitu vitatu vinavyomzaa mwandishi: elimu, upweke na uchungu. Ndiyo maana riwaya hizo mbili zimesimuliwa kwa nafsi ya kwanza, na ndiyo maana nafsi hiyo ina nguvu.

Hata hivyo, msomaji akichunguza atagundua kwamba ukombozi wa mwalimu wa nyumbani katika riwaya hizo ni kuiacha kazi yenyewe. Jane anarithi mali ya ami yake na hatimaye anaolewa na Rochester. Agnes anafungua shule pamoja na mama yake, kisha anaolewa na kasisi. Mtoto Adèle, ambaye ndiye sababu ya Jane kufika Thornfield, anapelekwa shule ya bweni na kutajwa kwa maneno machache mwishoni. Tena, katika nyumba ile ile yumo mlezi mwingine, Grace Poole, anayelipwa kumlinda mke wa Rochester aliyefungiwa ghorofa ya juu. Jane ana kitabu kizima cha kusema. Grace Poole ana maneno machache na tuhuma nyingi. Ilipita zaidi ya miaka 100 kabla Jean Rhys, mwanamke mzaliwa wa Dominica katika visiwa vya Karibi, hajampa Grace Poole nafasi ya kusimulia mwanzoni mwa sehemu ya tatu ya Wide Sargasso Sea, mwaka 1966.

Funzo kwa mhakiki ni hili: mlezi mmoja anapopata kusema, aghalabu kuna mwingine chini yake ambaye bado amenyamaza. Funzo hilo litahitajika Nyanza.

3. Pim na siwindhe yake

Habari za pim zimepata kuelezwa vizuri na wanahistoria kuliko wahakiki wa fasihi. David William Cohen aliandika makala yenye sifa juu yake mwaka 1985, na mwaka 1989 yeye na E. S. Atieno Odhiambo, mwanahistoria wa Kenya, walimrudia pim katika kitabu chao juu ya Siaya. Kwa maelezo yao, pim alikuwa mwanamke mzee aliyepita umri wa kuzaa, ambaye aliletwa katika boma kulea watoto. Hakuwa lazima bibi wa damu. Mara nyingi alitoka mbali, akaingia katika boma akiwa mgeni. Nyumba yake iliitwa siwindhe, na humo watoto walilala. Wavulana walipokua walihamia nyumba nyingine. Wasichana walibaki mpaka karibu na kuolewa.

Mambo yaliyofundishwa humo hayakuwa ya kuchekesha watoto tu. Humo msichana alijifunza majina ya koo, nani ni ndugu na nani aweza kumwoa, nani alihama kutoka wapi. Humo alifundishwa habari za mwili wake. Hadithi na vitendawili vilikuwa chombo cha mafunzo hayo. Na kwa kuwa pim alitoka kwingine, alileta maarifa ya kwingine: msichana aliyetarajiwa kuolewa mbali alipata kwa mgeni huyu habari za dunia iliyo nje ya boma la baba yake.

Akilinganishwa na mwalimu wa nyumbani wa Kiingereza, pim anafanana naye kwa ugeni na kwa kufundisha watoto wa wengine. Wanatofautiana katika jambo la msingi. Mwalimu wa nyumbani alidharauliwa kwa kuwa hakuwa na mume wala mtoto. Pim aliheshimiwa kwa kuwa mambo hayo alikwisha kuyapita. Mwalimu wa nyumbani alilipwa mshahara na kutengwa. Pim alipewa chakula na kuingizwa ndani. Lakini yafaa kujihadhari na kupamba. Mwanamke mzee anayeishi kwa chakula cha boma la watu ni mtegemezi. Heshima yake ilitegemea nia njema ya wenye nyumba, na maarifa yake ndiyo yaliyokuwa mali yake pekee ya kubadilishana.

Uwezo wa mlezi unaonekana wazi zaidi katika lugha. Wenyeji wa visiwa vya Mfangano, Takawiri na Rusinga ni Wasuba, ambao mababu zao walisema lugha ya Kibantu. Wengi wao leo husema Kijaluo. Franz Rottland na Duncan Okoth Okombo walilichunguza badiliko hilo katika utafiti uliotoka mwaka 1992. Ndoa na wanawake Wajaluo inatajwa miongoni mwa njia za badiliko hilo, na sababu yake haihitaji nadharia ndefu: mtoto husema lugha ya yule anayembembeleza. Baba anaweza kumpa mtoto jina la ukoo. Mlezi ndiye anayempa ulimi.

4. Mwanamke mzee atokaye ziwani

Ufuko wa Homa Bay una visa viwili vya kale ambavyo kila mwanafunzi wa eneo hilo anavijua. Cha kwanza ni cha Nyamgondho mwana wa Ombare, mvuvi maskini wa Gwassi. Siku moja wavu wake ulimnasa mwanamke mzee badala ya samaki. Mwanamke alimwomba amchukue nyumbani, naye akamchukua. Tangu siku ile boma lake likajaa ng'ombe. Alipozoea utajiri akawa mlevi, akamtukana yule mwanamke na kumkumbusha alikomtoa. Mwanamke akaondoka kurudi majini, na mifugo yote ikamfuata. Nyamgondho alibaki ufukweni, akageuka mti. Cha pili ni cha Simbi Nyaima, ziwa dogo lililo karibu na Kendu Bay. Kwa masimulizi ya wengi, hapo palikuwa na kijiji kilichokuwa katika sherehe. Alikuja mwanamke mzee asiyejulikana akiomba chakula na hifadhi, akafukuzwa. Usiku huo mvua ilinyesha, na kijiji kikazama.

Shuleni visa hivi hufundishwa kama mawaidha dhidi ya kiburi na uchoyo. Tafsiri hiyo si kosa, ila haikuuliza nani aliyekuwa akisimulia. Ikiwa hadithi zilisimuliwa katika siwindhe, basi msimulizi mwenyewe alikuwa mwanamke mzee, aghalabu mgeni, anayekula katika boma la watu. Na kisa anachowapa watoto wa boma hilo ni cha nyumba iliyopata baraka kwa kumpokea mwanamke mzee mgeni, ikaangamia kwa kumtukana. Hakuna haja ya kusema "mimi". Watoto wanajua ni nani aliyekaa mbele yao. Kesho yake watakapotumwa kumpelekea chakula, watakumbuka ng'ombe waliorudi majini.

Kwa tafsiri hii, kisa cha Nyamgondho ni zaidi ya mawaidha: ni dai la haki. Pim hakuwa na mkataba wa maandishi wala mshahara wa mwezi, lakini alikuwa na fani, na fani hiyo aliitumia kulinda nafasi yake. Pale ambapo Jane Eyre anasimama na kumwambia bwana wake waziwazi kwamba yeye naye ni mtu, pim anasema jambo lile lile kwa kumtoa mwanamke ndani ya wavu. Wahakiki waliozoea kuitafuta nafsi ya mwandishi katika kiwakilishi cha nafsi ya kwanza wamempita mlangoni bila kumwona.

5. Wanafunzi wa pim: Ogot, Odaga na Ogola

Grace Ogot, aliyezaliwa 1930 na kufariki 2015, alisimama katikati ya nyakati mbili. Alisikia hadithi za bibi yake, na alisoma katika shule za wamishenari za wasichana, Ng'iya na Butere. Shule ya bweni ilikuwa siwindhe ya namna nyingine: wasichana wanalala pamoja chini ya uangalizi wa mwanamke mgeni aliyetoka mbali. Lakini mgeni huyu wa pili alileta kitabu na kalamu, na alitaka yale ya mgeni wa kwanza yaachwe. Ogot alijifunza kwa wote wawili, kisha akamtumikia wa kwanza kwa chombo cha wa pili.

Hadithi yake maarufu, The Rain Came, iliyotoka mwaka 1963 na baadaye kuingizwa katika mkusanyiko wa Land Without Thunder wa mwaka 1968, inatokana na masimulizi aliyoyasikia utotoni kwa bibi yake. Chifu Labong'o anaambiwa kwamba mvua haitanyesha mpaka binti yake, Oganda, atolewe kwa zimwi la ziwani. Watu wanashangilia, msichana anakwenda peke yake. Karibu na ziwa anaokolewa na mpenzi wake Osinda, na mvua inanyesha hata hivyo. Wahakiki wamejadiliana iwapo mwandishi anakubali mila au anaiasi. Mjadala huo hubadilika hadithi inaporudishwa mahali ilipotoka. Wasikilizaji wake wa kwanza walikuwa wasichana ambao, baada ya muda mfupi, wazee wangewaondoa katika boma kwa faida ya jamaa nzima, na shangwe ingepigwa kama ilivyopigwa kwa Oganda. Msimulizi alikuwa mwanamke aliyekwisha kuipita njia hiyo. Hakuwaambia wasiende; hakuwa na mamlaka hayo. Lakini katika hadithi hii mvua inanyesha ingawa msichana hakufa. Anayesikia hayo akiwa na miaka kumi amepata swali la kubaki nalo maisha yake yote: je, kafara ile ilihitajiwa kweli?

Mwanamke mgeni anarudi tena katika Miaha, kazi ya Kijaluo ya mwaka 1983 ambayo Okoth Okombo aliifasiri kwa Kiingereza mwaka 1989. Bibi arusi Nyawir anaingia katika boma la watu na kuvunja mwiko wa jembe. Tangu hapo watu wanalazimika kulima kwa jasho. Masimulizi ya kale yalimlaumu. Ogot anamwangalia kwa makini zaidi, kama mtu aliyeleta kazi na maarifa kwa pamoja. Ni mgeni aliyebadili maisha ya nyumba, kama pim.

Asenath Bole Odaga, aliyezaliwa 1937 na kufariki 2014, alichukua njia nyingine. Aliwasimulia watoto upya visa vya ziwani kwa maandishi, kwa Kiingereza na kwa Kijaluo. Mkusanyiko wake wa mwaka 1980, Thu Tinda!, umepewa jina la maneno yanayofunga hadithi ya Kijaluo. Mwaka 1982 yeye na Kichamu Akivaga walitoa kitabu cha shule juu ya fasihi simulizi, na mwaka 1984 akatoa kitabu chake cha kinadharia. Kazi hiyo iliokoa mengi. Hata hivyo ilikuwa na gharama ambayo haijapimwa. Kisa cha Nyamgondho kinapoingia katika kitabu cha mtihani, msimulizi huwa mtu asiye na sura: huitwa fanani au mtambaji, na mwanafunzi huulizwa sifa zake kwa jumla. Hapo dai la pim linapotea, maana mwanafunzi anayejibu mtihani hana mtu wa kumpelekea chakula.

Margaret Ogola, katika The River and the Source ya mwaka 1994, anaonyesha kwa ufupi jinsi siwindhe ilivyohama. Akoko, mwanamke wa ukoo wa kichifu aliyepoteza nyumba yake, anamfuata binti yake katika misheni ya Aluor na huko anashiriki kulea wajukuu. Mjukuu wake Awiti anakuwa mwalimu. Katika vizazi viwili ulezi umetoka mikononi mwa mwanamke mzee asiyejua kusoma na kuingia mikononi mwa mwanamke kijana mwenye cheti. Riwaya inasherehekea safari hiyo, na ina haki. Lakini inaacha swali wazi. Awiti na wanawake wa kizazi chake wanapokwenda kazini, nani anabaki na watoto wao?

6. Japidi asiye na sauti

Jibu la swali hilo lilitolewa na Marjorie Oludhe Macgoye, mzaliwa wa Uingereza mwaka 1928 aliyefika Kenya 1954, akaolewa katika jamaa ya Wajaluo mwaka 1960, na kuishi Kenya mpaka alipofariki 2015. Shairi lake liitwalo A Freedom Song limesomwa katika shule za Kenya kwa miaka mingi. Linamhusu Atieno, msichana wa miaka minane anayekaa kwa mjomba wake. Anapika, anaosha, analea watoto. Halipwi, kwa sababu ni mtoto wa ndugu. Hasomi, ingawa watoto anaowalea wanasoma. Anapata mimba akiwa mdogo, anafariki katika uzazi, na katika mazishi yake panaliwa vizuri kuliko alivyopata kula maishani mwake.

Yapasa kuliweka shairi hilo karibu na siwindhe ili maana yake ikamilike. Pim alikuwa mgeni aliyefanywa ndugu. Atieno ni ndugu aliyefanywa mtumishi. Udugu, uliomwingiza yule mzee mezani, unatumiwa hapa kumnyima mtoto ujira. Katika umri ambao msichana wa siwindhe angekuwa anafundishwa habari za mwili wake, Atieno hafundishwi na mtu, anahukumiwa tu. Aliyestahili kulelewa amefanywa mlezi, na kwa kuwa hakulelewa, anakufa. Kwa hiyo neno "uhuru" katika jina la shairi lina kejeli kali: uhuru wa mwanamke mmoja kwenda kazini umelipiwa na msichana mwingine.

Macgoye aliendelea na jambo hilo katika riwaya zake. Katika Coming to Birth ya mwaka 1986, Paulina, aliyefika Nairobi 1956 akiwa na miaka 16, anapita katika kazi nyingi na msiba wa mtoto wake, hatimaye anatumika katika nyumba ya mbunge. The Present Moment ya mwaka 1987 inawaweka wanawake wazee pamoja katika nyumba ya kutunzia wazee Nairobi, na baadhi yao waliwahi kutumika katika nyumba za wengine. Wana umri wa pim na maarifa ya pim, lakini hakuna watoto wa kuwasikiliza. Wanasimuliana wao kwa wao. Hiyo ndiyo siwindhe ya mji: wasimulizi wamo, wasikilizaji hawamo.

Lakini hata kwa Macgoye, Atieno mwenyewe hasemi neno. Sauti inayosikika katika shairi ni ya nyumba inayomtumia. Kwa upande wa fani uamuzi huo ni sahihi, kwani kejeli yote hutegemea kimya cha msichana. Kasoro haiko kwa mshairi, iko kwa waliomfuata. Kimya kilichokuwa mbinu katika shairi moja kimekuwa mazoea ya uhakiki. Wanafunzi wengi wamefundishwa kumhurumia Atieno. Wachache wameulizwa Atieno angesimulia nini jioni kwa watoto wale, na kwa lugha gani. Maana alikuwa akiwalea, na mlezi husimulia. Yamkini hadithi ambazo mtoto wa mjini alizijua za ziwani, alizipata jikoni kwa japidi, wala si kwa bibi aliyebaki kijijini.

Hapo ndipo funzo la Grace Poole linaporudi. Mwandishi mwanamke wa Afrika Mashariki ambaye ana kazi ya mshahara na watoto wadogo, mara nyingi huandika kwa sababu kuna msichana upande wa pili wa ukuta. Elimu ya msingi bila ada ilirudishwa Kenya mwaka 2003, na Sheria ya Watoto ya 2001, pamoja na ile ya 2022 iliyochukua nafasi yake, zimekataza kumtumikisha mtoto. Sheria zaweza kumtoa jikoni. Haziwezi kumtia katika fasihi.

7. Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba mlezi asiye mama si jambo la pembeni katika fasihi ya wanawake wa Nyanza. Pim aliifundisha fasihi hiyo umbo lake, na ndani ya umbo hilo alificha dai lake mwenyewe. Japidi aliirithi kazi ya pim bila kurithi heshima yake, na amekuwa mhusika wa kuhurumiwa badala ya kuwa msimulizi wa kusikilizwa.

Yanafuata mambo mawili kwa wahakiki na wakusanyaji. Kwanza, anapotajwa bibi wa mwandishi, ielezwe kama alikuwa bibi wa damu au mgeni aliyeletwa, alitoka wapi, na alisema lugha gani. Mambo hayo hubadilisha maana ya hadithi, kama ilivyoonekana kwa Nyamgondho na kwa Oganda. Pili, watafiti wa fasihi simulizi waliozoea kumwendea mzee wa kijiji wamwendee pia msichana anayelea. Huko Takawiri, alfajiri wakati mama anapoanika dagaa, kuna anayembembeleza mtoto asilie. Anachokiimba au kukisimulia saa hiyo ni fasihi, na hakuna aliyekiandika.

Nyamgondho hakupata hatia kwa kumtoa mwanamke majini na kutajirika naye. Hatia yake ilikuwa kusahau utajiri ulikotoka, na kumfanya aliyeuleta aone haya kwa asili yake. Fasihi ya wanawake wa Nyanza imepata utajiri kwa mikono ya walezi wawili. Wa kwanza amekwisha kurudi ziwani, na mengi aliyoyajua yamemfuata. Wa pili bado yumo nyumbani.